Mvule, msaji, mkongo au mninga: ubao upi kwa kazi ipi

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu mbao ni lile la ugumu: upi ni mgumu zaidi, mvule au mninga, msaji au mkongo? Neno hilo moja limebeba mambo matatu yasiyofanana. Kuna uzito wa ubao, yaani kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo. Kuna ugumu wa uso wake, yaani namna unavyostahimili kubonyezwa na kukwaruzwa. Na kuna udumifu, yaani muda ambao ubao utakaa bila kuliwa na mchwa wala kuozeshwa na kuvu. Uzito na ugumu wa uso huenda pamoja, lakini udumifu una njia yake. Ushahidi ulio karibu zaidi umo ndani ya gogo lenyewe: tabaka jeupe la nje la msaji lina uzito unaokaribiana na wa kiini chake, lakini likiachwa kwenye udongo wenye unyevu huoza upesi, ilhali kiini kinaweza kukaa kwa miongo. Kinachokilinda kiini ni kemikali ambazo mti huzihifadhi humo wakati seli za mbao zinapokufa na njia za maji zinapozibika.

Ninaanza na jambo hili kwa sababu mtu anayechagua ubao kwa uzito pekee hununua mzigo asiouhitaji, na wakati mwingine hukosa kile alichokitafuta. Mbao nne ninazozilinganisha hapa zote zinadumu, kila moja kwa namna yake. Tofauti zao zinaonekana pale tunapouliza ubao utakaa wapi, utaguswa na nini, na fundi ana zana gani.

Majina

Majina ya miti hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na mnunuzi anayetegemea jina moja tu anaweza kuuziwa kitu kingine. Mvule ni Milicia excelsa, mti wa jamii moja na mfenesi, unaoota kuanzia Afrika Magharibi hadi Afrika Mashariki na kushuka hadi Msumbiji; katika biashara ya kimataifa huitwa iroko, na vitabu vya zamani huutaja kwa jina la Chlorophora excelsa. Msaji, ambao wengi huuita mtiki, ni Tectona grandis, na asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos, ingawa leo hupandwa katika nchi nyingi za joto, Tanzania ikiwa mojawapo. Mkongo ni Afzelia quanzensis, ambao watu wa pwani huujua kwa jina la mbambakofi. Ni mti wa jamii ya mikunde, wenye mbegu nyeusi zilizovikwa kikofia chekundu. Mninga ni Pterocarpus angolensis, nao pia ni wa jamii ya mikunde, mti wa misitu ya miombo ambao ukichanjwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kusini mwa Afrika huitwa mukwa au kiaat.

Mpingo nimeuacha nje kwa makusudi. Uzito wake huzidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, ubao wake huzama majini, na vipande vyake vilivyonyooka ni vifupi mno kwa milango na fremu. Kazi yake ni ala za muziki kama klarineti na obo, pamoja na uchongaji, na huko hauna mpinzani.

Uzito na ugumu wa uso

Ubao mkavu wa mvule na ule wa msaji hukaribiana sana kwa uzito, kila mmoja ukiwa karibu kilo 650 kwa mita ya ujazo. Mninga ni mwepesi kidogo, kwa kawaida kati ya kilo 600 na 650. Mkongo ndio mzito kati ya hizi nne, kwa kawaida kati ya 750 na 850, na fundi huutambua mara tu anapounyanyua.

Ugumu wa uso hupimwa kwa njia ya Janka, ambayo huangalia nguvu inayohitajika kuzamisha nusu ya gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 ndani ya ubao. Kwa kipimo hicho msaji huwa karibu nyutoni 4,700, mvule karibu 5,600, na mbao za jenasi ya Afzelia, ambayo mkongo umo, hufika karibu 8,000. Tarakimu hizi ni wastani, kwa kuwa miti miwili ya aina moja iliyokulia katika udongo tofauti inaweza kuachana sana. Hata hivyo, mpangilio wake unafundisha jambo moja ambalo watu wengi hawalitarajii: msaji, wenye sifa kubwa kuliko mbao zote duniani kwa kazi za nje, ndio laini zaidi kati ya hizo tatu. Kisigino cha kiatu chembamba kitaacha alama juu ya sakafu ya msaji mahali ambapo mkongo hautaonyesha chochote.

Mchwa, mvua na bahari

Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 350 huzigawa mbao katika madaraja matano ya udumifu dhidi ya kuvu, daraja la 1 likiwa la mbao zinazodumu sana na la 5 likiwa la zile zisizodumu. Madaraja haya huhusu kiini peke yake. Tabaka jeupe la nje la mti wowote huhesabiwa kuwa halidumu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Msaji wa misitu ya asili ya Asia uko daraja la 1, mbao za Afzelia ziko daraja la 1, na mvule huwekwa kati ya 1 na 2. Msaji wa kupandwa umetajwa peke yake, nao hupewa nafasi inayoanzia daraja la 1 na kuteremka hadi la 3.

Tofauti hiyo ya msaji inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Sifa za msaji zilijengwa na miti iliyokaa msituni kwa miaka mingi sana. Daraja la U Bein huko Amarapura, Myanmar, ambalo lina urefu wa karibu kilomita 1.2, lilijengwa kwa nguzo za msaji yapata mwaka 1850, na nyingi kati ya nguzo hizo bado zinasimama ndani ya ziwa. Manowari ya Uingereza iitwayo HMS Warrior, iliyoshushwa majini mwaka 1860, ilikuwa na deraya ya chuma yenye unene wa milimita 114 iliyoegemezwa juu ya mbao za msaji zenye unene wa milimita 457. Msaji ulifaa kwa kuwa hauli chuma kwa asidi kama mwaloni unavyofanya. Huo ndio msaji uliojengea jina. Mti uliopandwa shambani na kuvunwa ukiwa na miaka 20 au 25 una sehemu kubwa zaidi ya tabaka jeupe, na kiini chake kichanga huwa na kiasi kidogo cha zile kemikali na utomvu unaofanana na mpira, ambavyo kwa pamoja hufukuza mchwa na kuzuia maji. Bado ni ubao mzuri. Lakini anayeununua kwa ajili ya nguzo ya kuzika ardhini, akitegemea historia ya U Bein, anadai kutoka kwa mti mchanga kile alichokitoa mti mzee.

Kwa sababu hiyo, mahali ambapo ubao utagusa udongo moja kwa moja, mimi huuweka mkongo mbele, kisha mvule wenye kiini kilichokomaa, na msaji wa shambani mwisho. Mninga nao una kiini kinachostahimili mchwa vizuri, ila ni ubao wa thamani kubwa mno kuuzika ardhini, na tabaka lake jeupe, ambalo huwa pana, hushambuliwa haraka na bungua wadogo wanaoacha unga laini chini ya tundu. Fundi anayeacha ukanda mweupe nyuma ya kabati la mninga ili asipoteze ubao huwa anawaandalia wadudu hao makao.

Bahari ni jambo jingine kabisa. Wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawajali sana madaraja ya kuvu, na hakuna ubao wowote kati ya hizi nne unaoweza kuachwa wazi chini ya maji ya bahari ya joto bila kinga. Mafundi wa majahazi walilijua hili tangu zamani, ndiyo maana chombo hupakwa deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa) chini na sifa (mafuta ya samaki) juu, hata kama mkuku, yaani uti wake wa chini, na mataruma, yaani mbavu zake, ni ya mbao bora kupindukia.

Kutulia kwa ubao

Ubao hupanuka hewa inapokuwa na unyevu na kusinyaa hewa inapokauka, na kufanya hivyo maisha yake yote. Hapa ndipo mninga unapoonyesha ubora ambao, kwa maoni yangu, hauthaminiwi vya kutosha. Kutoka ubichi hadi ukavu kamili, mninga hupoteza karibu asilimia 5 tu ya ujazo wake, wakati msaji hupoteza karibu 7, mvule kati ya 8 na 9, na miti mingi migumu ya kawaida hupoteza kati ya 10 na 15. Mkongo nao ni mtulivu, na ukishakauka vizuri hausogei kwa urahisi.

Tuchukue mfano wa ubao wa msaji wenye upana wa sentimita 20, uliopasuliwa kwa kufuata mkunjo wa pete za mti. Unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 14 hadi 8, upana wake utapungua kwa zaidi kidogo ya milimita 2. Mbao tano za namna hiyo zikiunganishwa kuwa uso wa meza, uso huo utapungua kwa zaidi ya sentimita 1, na kama umefungwa kwa skrubu zisizoruhusu kusogea, utapasuka katikati. Mninga katika hali ileile ungesogea kwa nusu ya kiasi hicho au zaidi kidogo. Ndiyo sababu kwa meza pana, milango ya kabati na droo zinazotakiwa kuteleza bila kukwama mwaka mzima, mninga huwashinda wenzake, ingawa si mzito wala mgumu kuwapita.

Kukausha nako kuna tofauti zake. Mvule hukauka kwa kasi ya wastani bila madhara makubwa. Msaji hukauka polepole lakini kwa utulivu, na kasi yake hutofautiana kati ya ubao na ubao, hivyo katika rundo moja zinaweza kupatikana mbao zilizokauka kando ya nyingine ambazo bado zina maji ndani. Mkongo unahitaji subira zaidi, kwani ukiharakishwa katika tanuru hupata nyufa nyembamba ambazo huonekana baadaye, wakati wa kupiga vanishi. Mninga huchukua muda mrefu pia, hasa ukiwa mnene, lakini hulipa subira hiyo kwa kutoka karibu bila kupinda.

Chini ya randa

Fundi mwenye zana za mkono atafurahia mninga kuliko mbao nyingine tatu. Hukatwa kwa urahisi, hukubali randa na patasi, una harufu nzuri unapopasuliwa, na uso wake huwa laini kwa msasa kidogo. Mahali ambapo nyuzi zake zimejipinda, randa inaweza kung'oa vijisehemu, lakini chuma kilichonolewa vyema na kutokezwa kidogo tu hutatua jambo hilo.

Msaji hukatika kwa urahisi pia, ila una silika, chembe zilezile zinazounda mchanga, na chembe hizo huyafanya makali ya chuma kuwa butu kwa muda mfupi. Ukipasua mbao nyingi za msaji kwa msumeno wa mashine, meno ya kabaidi huwa lazima. Kwa zana za mkono, jiwe la kunolea likae karibu na meza ya kazi.

Mvule una shida mbili. Ya kwanza ni nyuzi zinazopishana, tabaka moja likielekea upande huu na lililo juu yake likielekea upande mwingine, hivyo randa inayokwenda vizuri hapa hung'oa pale. Ubao uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo huonyesha mapishano haya kama mistari ya mwanga na kivuli, jambo linalopendeza machoni lakini linalodai uangalifu mkubwa wakati wa kupiga randa. Shida ya pili ni jiwe. Ndani ya kiini cha mvule mara nyingine hukutwa vipande vya chokaa ngumu, vingine vidogo kama punje na vingine vikubwa vya kuharibu msumeno mzima, na kwa nje havionekani. Dalili pekee ni kwamba ubao unaolizunguka jiwe huwa na rangi iliyokolea zaidi. Mpasuaji anayeona doa jeusi lisilo na sababu katika mvule afanye vyema kulichunguza kwa patasi kabla ya kulipitisha kwenye mashine. (Chokaa hiyo inahusiana na namna mti huu unavyoishi: mvule hutengeneza kalsiamu oksalati kwa wingi, na bakteria na kuvu waishio udongoni huigeuza kuwa chokaa, kiasi kwamba udongo ulio chini ya mivule mikubwa huwa na chokaa hata pale ambapo udongo wa jirani hauna.)

Mkongo ni kazi ya nguvu. Misumari haipigwi bila kutoboa tundu kwanza, la sivyo ubao hupasuka au msumari hupinda, na skrubu za shaba hukatika vichwa zikilazimishwa. Ila fundi akishaukubali mwendo wake, ulimi na tundu vilivyochongwa katika mkongo hushikana kwa namna ambayo mbao laini haziwezi kuifikia, na kingo zake hubaki kali kwa miaka.

Gundi, vanishi na rangi

Utomvu na mafuta yanayoulinda msaji huuzuia pia kushika gundi na vanishi. Njia inayofaa ni kuupiga randa uso wa kiungio siku ileile ya kuunganisha, kuupangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa asetoni, kuuacha ukauke kwa dakika chache, kisha kupaka gundi mara moja kabla mafuta hayajarudi juu. Gundi ya epoksi huvumilia msaji kuliko gundi nyeupe ya kawaida. Ubao unaokaa nje unaweza kuachwa bila kitu chochote. Utabadilika kuwa wa kijivu cha fedha, na mabadiliko hayo ni ya juu tu, kwani ukikwangua kidogo, rangi ya dhahabu ya asili inakungoja chini yake. Wanaotaka kuihifadhi rangi hiyo wajue kwamba mafuta ya kupaka hayadumu juani, na kazi ya kuyapaka haina mwisho.

Mvule hushika gundi vizuri. Ukipasuliwa huwa wa manjano, kisha mwanga na hewa huugeuza kuwa wa kahawia ya dhahabu na hatimaye kahawia iliyokolea. Meza mpya ya mvule iliyowekwa karibu na dirisha huku kitambaa kikiwa juu yake itabaki na alama ya kitambaa hicho kwa muda mrefu, hivyo ni vyema kuiacha wazi mpaka rangi yake itulie.

Mkongo una jambo ambalo mnunuzi haambiwi. Vitundu vya mbao za Afzelia huwa na unga wa manjano, na unga huo ukipata maji huyeyuka na kutoa rangi inayoshika nguo na karatasi. Kwa mlango au ngazi hili halina madhara. Kwa rafu ya kuwekea nguo mbichi, meza ya kufulia au ubao wa kando ya sinki, ni kosa litakaloonekana mara ya kwanza maji yatakapomwagika.

Mninga hushika gundi, vanishi na nta bila matatizo makubwa, na mafuta ya kitani huichochea rangi yake, ambayo huanzia kahawia ya dhahabu hadi ile ya chokoleti, ikiwa na michirizi myekundu isiyofanana katika mbao mbili zozote. Hii ndiyo raha ya mninga na pia ugumu wake, kwa kuwa anayetaka milango sita yenye sura moja atalazimika kuchagua mbao zote pamoja, ikiwezekana kutoka gogo moja.

Vumbi

Vumbi la mbao zote nne linaweza kudhuru, lakini la mvule linaongoza kwa kusababisha muwasho wa ngozi, chafya na kubanwa kwa kifua, na mtu aliyeufanyia kazi kwa miaka bila shida anaweza kuamka siku moja mwili wake ukiwa umeukataa. Vumbi la msaji na la mninga nalo huwasumbua baadhi ya watu kwa namna hiyohiyo. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Barakoa inayozuia vumbi laini, mashine ya kufyonza vumbi au angalau upepo unaopita, na kuoga baada ya kazi, ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Sheria na mustakabali wa miti

Mkutano wa 19 wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya spishi zilizo hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022, uliziweka spishi zote za Afzelia na za Pterocarpus zinazopatikana Afrika katika Kiambatisho cha II, na uamuzi huo ulianza kutumika Februari 2023. Maana yake ni kwamba magogo na mbao za mkongo na mninga zinazovuka mpaka wa nchi zinahitaji kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji wake ni halali na hautishii uhai wa spishi. Mvule na msaji havimo katika kiambatisho hicho. Myanmar kwa upande wake ilipiga marufuku kusafirisha nje magogo ghafi kuanzia Aprili 2014, na hivyo msaji wa asili umekuwa adimu zaidi.

Kwa anayejali kama mti utakuwepo kwa ajili ya fundi wa kesho, msaji ndio chaguo jepesi, kwa kuwa ufundi wa kuupanda umejulikana tangu mashamba ya Nilambur yalipoanzishwa kusini mwa India katika miaka ya 1840. Mvule unakataa shamba kwa sababu ya mdudu mdogo aitwaye Phytolyma, ambaye husababisha vivimbe kwenye machipukizi na kuyaua. Mninga nao, katika miaka yake ya mwanzo, hukauka juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua tena kutoka kwenye mzizi mpaka uwe na nguvu ya kusimama, hivyo hauwezi kuharakishwa. Mti wa mninga unaokatwa leo haurudishwi kwa ahadi ya kupanda mingine, na hilo linatosha kunifanya niutumie kwa fanicha itakayorithiwa na kuuepuka kwa mbao za kujengea zinazotupwa baada ya kazi.

Kazi kwa kazi

Kwa mlango wa nje unaopigwa na jua na mvua, mkongo na mvule ndio wa kwanza kufikiriwa. Mkongo hushinda mahali penye hatari ya kuvunjwa na palipo na mchwa wengi, ilimradi bawaba zimeandaliwa kubeba uzito wake. Mvule hushinda pale mlango unapotakiwa kuwa mpana bila kuwa mzito mno, na kwa fremu za madirisha yanayofunguliwa kila siku ningeuchagua bila kusita. Kwa nakshi ya kina, msaji na mvule ulionyooka nyuzi huchongeka vizuri kuliko mkongo.

Kwa viti vya bustani na sitaha ya chombo, msaji bado hauna mbadala kamili. Hauchomozi vibanzi, hautelezi sana ukilowa, na hauhitaji kupakwa chochote. Mvule hutumika badala yake mara nyingi, nao hufanya kazi nzuri, ila husogea zaidi na viungo vyake vinahitaji nafasi kubwa zaidi ya kupumua.

Kwa sakafu inayokanyagwa na watu wengi, mkongo. Hapa sioni haja ya kujadili sana.

Kwa fanicha ya ndani ninaurudia mninga, hasa kwa meza, vitanda na makabati. Pale ambapo mninga haupatikani kwa njia halali, mvule uliokaushwa vizuri unachukua nafasi yake vyema, mradi mchoraji wa fanicha aruhusu uso mpana kusogea ndani ya fremu yake. Msaji wa shambani hufaa kwa viti na rafu, na wepesi wake wa kupatikana katika vipimo vinavyofanana humsaidia fundi anayetengeneza vitu vingi vya aina moja.

Kabla ya kulipa

Tazama kichwa cha ubao, yaani sehemu iliyokatwa kukingama nyuzi, kwa kuwa ndipo mpaka kati ya kiini na tabaka jeupe unapoonekana wazi. Muuzaji anayepaka rangi vichwa vya mbao ili visipasuke ana sababu nzuri, lakini mwombe akukatie sentimita moja. Ulizia jina la kitaalamu la mti kama shehena ni kubwa. Angalia pia vitundu vya bungua katika kingo nyeupe, na kwa mvule, madoa yaliyokolea yanayoweza kuficha jiwe.

Unyevu hupimwa kwa kifaa, lakini asiyekuwa nacho anaweza kukata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mbali na vichwa ambavyo hukauka mapema, akakipima uzito, akakiweka katika joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito wake usishuke tena, kisha akagawanya uzito uliopotea kwa uzito wa mwisho. Kipande cha gramu 112 kilichoishia gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 12, na ubao wa namna hiyo unaweza kuingia kwenye kazi nyingi. Kilichoanza na gramu 125 kilikuwa na unyevu wa asilimia 25, na ubao wake hauko tayari, hata kama uso wake ni mkavu ukiushika na muuzaji anasema umekaa bohari mwaka mzima.